Kiraka au sauti: tuwakumbuke wenzetu kwa njia ipi?

Kwenye misiba ya huku kwetu Mbeya kuna sentensi ambayo kila nikiisikia huinamisha kichwa. Msomaji wa wasifu anafika mwisho wa karatasi, anakohoa, anasema: "Marehemu hakubahatika kuoa wala kupata mtoto." Karatasi inakunjwa. Rafiki yetu alisomewa hivyo Uyole, mvua ya Machi ikipiga turubai. Mtu aliyeishi naye miaka sita alikuwa nje, kwenye moto na vijana wa mtaa, akitambulishwa kwa wageni kuwa ni mpangaji mwenzake.

Tulipotoka pale kikundi chetu kilianza kubishana. (Kusema "kikundi" ni kujikweza. Hatuna jina wala usajili, tuna sufuria mbili kubwa na daftari la michango.) Tuwawekee wenzetu, watu waliopenda wa jinsia yao, kumbukumbu ya aina gani? Wapenda simu walitaka turekodi simulizi: kila mtu aeleze anavyowakumbuka waliotangulia, na alivyoishi yeye mwenyewe. Wapenda sindano walitaka tushone. Tumebishana karibu mwaka mzima, tumejaribu vyote viwili, na kimoja nakipendekeza kuliko kingine. Nitakitaja, lakini nitaeleza pia ni wakati gani ninyi mfanye kinyume chetu.

Swali linalotangulia

Mwaka 1987 Amsterdam ilizindua mnara wa pembetatu tatu za mawe ya itale ya rangi ya waridi, kando ya mfereji, kwa ajili ya mashoga na wasagaji walioteswa na Wanazi na walioteswa kokote kwingine. Watu huweka maua pale mchana kweupe. Sisi hatuchagui kutoka kwenye kapu hilo. Kwetu kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachohusu ngono kinyume cha maumbile, kinatoa kifungo kisichopungua miaka 30, na kinaweza kufika maisha. Kinaadhibu tendo, maombolezo hakiyataji. Lakini anayepekua simu yako hasomi kifungu kwanza.

Kwa hiyo hatukuanza na kipi kinapendeza. Tulianza na hili: kikiingia mikononi mwa mtu asiyehusika, kitamwambia nini? Na mtu huyo si lazima awe askari. Mara nyingi ni shemeji anayetafuta chaja. Ni mwenye nyumba. Ni fundi simu wa Kabwe aliyeachiwa simu ibadilishwe kioo, naye ana mchana mzima wa kuichungulia.

Kiraka

Wazo la kushona si letu. Novemba 1985, San Francisco, kwenye maandamano ya mishumaa ya kumkumbuka Harvey Milk, mwanasiasa shoga aliyeuawa 1978, mwanaharakati Cleve Jones aliwaomba watu waandike majina ya jamaa na rafiki zao waliokufa kwa ukimwi. Makaratasi yakabandikwa kwenye ukuta wa jengo la serikali, na ukuta ukaonekana kama blanketi la viraka. Oktoba 1987 vipande 1,920 vya kitambaa vilitandazwa uwanjani Washington. Kila kimoja kilikuwa na futi 3 kwa 6, kipimo cha kaburi, na kipimo hicho kilikusudiwa, maana kuna waliokataliwa na ndugu hata kuzikwa kwa heshima. Leo vipande ni karibu 50,000, majina yamezidi 110,000, na uzito wake unakadiriwa kufika tani 54. Vipo vipande vyenye jina la kwanza tu, kwa sababu familia iliogopa lile la pili. Hicho ndicho kilichonivuta mimi. Hata Marekani, penye umati ule, kuna aliyeshona nusu ya jina.

Nasi tulitaka futi 3 kwa 6. Dada mmoja, fundi cherehani wa Mwanjelwa, alitusikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema: "Hilo shuka la kaburi mtalificha wapi wadogo zangu, chini ya kitanda cha mama?" Akatupa kipimo chake: foronya. Ina zipu, inajazwa pamba, inakaa kwenye kochi. Nenda sebule yoyote kutoka Ilomba mpaka Kihesa, utakuta makochi yamevishwa vitambaa vya kufuma na kudarizi, vingine vina maua, vingine "Karibu Mgeni", vingine aya ya Zaburi. Foronya moja zaidi haiulizwi.

Tunavyofanya ni hivi. Katikati inakaa nguo ya marehemu, iwe kitenge, shati au kipande cha sweta. Pembeni tunazungushia kitambaa cha marekani kisichopaushwa. Juu tunadarizi kitu kimoja. Hatudarizi jina wala mwaka, tunadarizi kitu ambacho aliyemjua akikiona atacheka au atanyamaza. Wa kwanza alikuwa Mnyakyusa aliyeshukuru kwa kila jambo, hata akirudishiwa chenji yake mwenyewe. Tukaandika "Ndaga fijo" kwa uzi wa njano. Jirani akisoma anaona asante sana ya Kinyakyusa. Sisi tunamwona yeye amesimama kwenye mlango wa daladala, anamshukuru konda aliyemzidishia nauli.

Kwa nini hili linafaa huku zaidi ya kwingine? Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022/2023 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, nchi nzima ikiwa 4.4. Hizo ni namba za watu wote, si za wenzetu peke yao, na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Nyanda za juu kusini karibu kila ukoo una mtu wa kukumbukwa, na kukata nguo ya marehemu ukaitunza ni jambo ambalo bibi yeyote wa Makete atalielewa bila kufafanuliwa. Kiraka kinaingia kwenye majonzi ambayo tayari ni ya watu wote.

Kuna na faida ambayo hatukuitegemea. Kaka mmoja alikataa mara tatu kukaa mbele ya kinasa sauti. Tulipompa sindano ashone vifungo, alizungumza tangu saa kumi mpaka giza likaingia: habari za shule ya bweni, za padri aliyemficha, za rafiki aliyekwenda Lusaka asirudi. Hakuna aliyerekodi. Naandika nikijua kwamba hapo hapo ndipo udhaifu wa kiraka ulipo, maana hayo yote yamebaki kwenye masikio sita.

Kiraka ni bubu. Kinahitaji msomaji, na msomaji wa mwisho akifa, "Ndaga fijo" inakuwa foronya kweli. Atakayekuja mwaka 2070 akitaka kujua watu kama sisi tuliishije Mbeya, tulikutana wapi, tulipendana vipi, nani alitupiga na nani alitukinga, hataambiwa kitu na foronya.

Kuhusu utunzaji sitarefusha. Adui mkubwa hapa ni unyevu. Tukuyu mvua karibu haikatiki, na foronya tuliyoitunza kwenye mfuko wa nailoni ilifanya ukungu ndani ya miezi miwili. Ifungeni kwa kitambaa cha pamba, si nailoni. Iwekeni kwenye sanduku la bati lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na jua, na mkiikunja badilisheni mkunjo kila mara ili uzi usikatike mahali pamoja.

Sauti

Kicheko hakishoneki. Waliotaka kurekodi walikuwa na haki, na siwezi kujifanya kwamba hawakuwa nayo. Lafudhi ya mtu wa Mbozi akichanganya Kinyiha na Kiswahili, kile kimya kabla hajasema jambo zito, namna anavyoliita jina la mpenzi wake: vyote hivyo sauti inavibeba na kitambaa hakivibebi. Saa moja ya mazungumzo mazuri ina mambo kuliko foronya mia.

Tatizo ni kwamba inayabebea kila mtu.

Nilikuwa na sauti za WhatsApp za rafiki yangu wa Tunduma, aliyefariki katikati ya 2018. Nyingine alikuwa anaimba kwa makusudi ovyo ili anikere. Mwishoni mwa Oktoba mwaka ule yalitangazwa Dar es Salaam matamko ya kuwasaka mashoga. Siku chache baadaye serikali ilisema huo haukuwa msimamo wake, lakini siku hizo chache zilitosha. Mimi nilizifuta zote usiku mmoja, nimejifungia chooni, moja baada ya nyingine, bila kuzisikiliza kwa mara ya mwisho kwa sababu niliogopa ukuta mwembamba. Kitenge alichonifunika ndani ya basi kwenye baridi ya Makambako kilikuwa pazia la mlango wangu. Wageni walikipita wakiingia, wakakipita wakitoka.

Ninapopima njia hizi mbili napima na usiku ule, kwa hiyo mjue mapema kwamba mizani yangu imeegemea upande mmoja.

Mkiamua kurekodi, msirekodi kwa simu mnayotumia. Laini zetu zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, na sauti iliyopita kwenye kundi la WhatsApp imepita kwenye namba zenye majina ya watu, na hamjui imehifadhiwa kwenye simu ngapi. Tafuteni kinasa sauti kidogo kisicho na laini. Kikiwekwa kwenye faili la WAV la kawaida, chaneli moja, saa nzima inachukua karibu MB 320, hivyo kadi ya GB 32 inaingiza kama saa 100. Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mji mwingine, na zote zifungwe kwa nenosiri.

Hilo la mji mwingine si urembo. Aprili 2012 nyumba ya mpiga picha Zanele Muholi huko Cape Town ilivunjwa. Muholi amekuwa akipiga picha za Waafrika Kusini weusi, wanawake wapendao wanawake na watu waliobadili jinsia, tangu 2006, ili wasije wakasahauliwa. Wezi waliondoka na diski zaidi ya 20 zenye kazi ya miaka kadhaa, za kazi na za akiba pamoja, kwa sababu zote zilikuwa nyumba moja.

Halafu kuna lebo. Wahehe wanajua habari hii kuliko mimi. Mtwa Mkwawa, mtawala wao, alijiua 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, wakachukua kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaagiza fuvu lirudishwe. Lilirudi Kalenga Juni 1954 tu, baada ya gavana Mwingereza, Twining, kwenda Bremen akakuta makumbusho yana mafuvu mengi mno, ikabidi wayapime na kuyalinganisha na vichwa vya ndugu wa Mkwawa walio hai. Mpaka leo wapo wanaouliza kama ndilo lenyewe. Huyo ni mtwa aliyetajwa kwenye mkataba wa mataifa! Sasa niambie faili lenye jina "REC0017" litakuwa la nani baada ya miaka 20.

Kwa hiyo sauti inahitaji lebo, na lebo ndiyo inayoanika. Njia tuliyoiona inafaa ni daftari la mkono, kila faili na namba yake, na daftari likae kwa mtu asiye na kadi. Hapo pia angalieni maneno mnayoandika. Kuna watu wetu hujiita makuchu. Wengine wamezoea "shoga", neno ambalo mwambao bado ni rafiki wa kike wa mwanamke, na huku bara limekuwa tusi. Wengine hawana neno na hawalitaki. Andikeni neno alilolitumia mwenye sauti, na kama hakutumia neno, msimbatize.

Kuna jambo la mwisho juu ya sauti, na ndilo lililotuchosha. Mwenye sauti anabadilika. Mmoja wetu alirekodi saa mbili, vizuri ajabu. Baada ya miezi minne alipata kazi wilayani kwao, akaja akiwa na hofu, akaomba tufute. Tulifuta mbele yake, nakala zote, na tulifanya haki. Lakini kama tayari tungekuwa tumesambaza kipande kidogo tu, kungekuwa hakuna cha kufuta. Msijidanganye na programu za kubadili sauti iwe nzito au nyembamba. Mbeya ni jiji, ila ukisimulia juu ya mwalimu wa kwaya mwenye kibiongo aliyehamia Mbalizi kutoka Chimala, hata ukiongea kwa sauti ya roboti watu wamekwishajua ni nyumba gani.

Picha na maigizo

Napita haraka. Picha za nyuso kwetu ni hapana. Oktoba 2010 gazeti moja la Uganda lilichapisha majina na picha za watu likitaka wanyongwe. David Kato na wenzake walilishinda mahakamani mwanzoni mwa Januari 2011, na tarehe 26 mwezi huo huo Kato aliuawa kwa nyundo nyumbani kwake. Picha za mikono, viatu na vyombo vinafaa, lakini hizo zinarudi kuwa kiraka cha karatasi.

Igizo lina nguvu na halibaki kwenye simu ya mtu, kama hakuna anayerekodi, na siku hizi yupo siku zote. Mkitaka kulionyesha hadharani kuna vibali. Ndani ya sebule ya watu kumi ni jambo jingine. Ila hayo mimi naita mchezo wa usiku mmoja, si hifadhi.

Nani achague nini

Kama wengi wenu mnaishi na familia, au mmepanga chumba kimoja chenye ukuta wa pamoja, au hamjuani miaka mingi: shoneni. Kiraka hakikulazimishi kumwamini mtu usiyemjua. Mwenye kipande akikosana nanyi anaondoka na foronya yake, na hakuna siri iliyoondoka naye. Sisi tumezigawa, kila nyumba moja au mbili, na mara moja kwa mwaka zinakusanywa chumba kimoja, zinapangwa mkekani, wali unapikwa kwenye yale masufuria.

Kama kati yenu kuna mzee, na kwa "mzee" nasema mtu aliyepita miaka 60 na ameishi maisha haya tangu enzi za Mwalimu, yeye mrekodini, na msingoje kumaliza kubishana. Watu hao ni wachache, na vichwani mwao kuna Mbeya na Iringa ambayo haijaandikwa popote: nani alikuwa nani kwenye kambi za ujenzi wa TAZARA, baa gani ilikuwa na mlango wa nyuma. Ila kabla ya kubonyeza kitufe kuwe na mahali pa kupeleka. Johannesburg kuna hifadhi ya GALA, iliyoanza 1997 na inayofanya kazi hii hii ya kutunza kumbukumbu za watu kama sisi. Mnaweza kukubaliana na mwenye sauti ifunguliwe akishafariki, au baada ya miaka 30, au asikilize mtu mmoja tu aliyemtaja. Rekodi isiyo na mahali pa kwenda itafutwa chooni.

Kama hamna fundi kabisa na hakuna anayeweza kushika sindano, msianze na kinasa sauti kwa sababu tu ni rahisi. Fuma ipo, ususi upo. Akina mama wa Iringa wanasuka vikapu vya milulu, na mstari mmoja wa rangi ndani ya kikapu unaweza kubeba mtu mzima.

Na mkiweza kuvifanya vyote viwili, tenganisheni. Anayejua foronya ni ya nani asiwe ndiye mwenye kadi. Tuliwahi kuweka karatasi yenye namba ya faili ndani ya zipu, tukaona ni werevu mkubwa. Dada wa Mwanjelwa aliitoa siku ileile, akaichana bila kusema neno, akaendelea kukata uzi.

Mimi ninachokipendekeza mmeshakiona: kiraka kwanza, sauti kwa mzee na kwa anayeiomba mwenyewe.

Foronya ya rafiki yetu wa Uyole bado haijaisha. Yule mpangaji mwenzake alikuja Jumapili moja na mkono wa shati la bluu, umekatwa vizuri begani kwa wembe. Tulimuuliza lililobaki liko wapi, tukidhani amelisahau. Alisema hilo bado analilalia. Mkipanga vipimo vyenu, basi, msitarajie kuletewa nguo nzima.